Nafasi ya Asiyepewa Nafasi

Wapo watu wa namna mbili ambao sipendi kuwauliza habari za mkimbiaji kabla ya mbio. Wa kwanza ni yule anayempenda mno, kwani mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wa pili ni yule aliyekwisha kumkatia tamaa hata kabla hajafunga kamba za viatu. Wa kwanza atakuambia kwamba medali ni yetu, na ukimwuliza kwa nini, atajibu kwa sababu huyu ni wetu. Wa pili atakuambia kwamba hakuna kitu, na ukimwuliza kwa nini, atajibu kwa sababu siku zote hapakuwa na kitu. Watu hawa hugombana sana vijiweni, na kila mmoja humwona mwenziwe kuwa hana akili. Lakini ukiwatazama vizuri utaona kwamba wanafanana: wote wawili hawajapiga hesabu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na makazi yangu ni Arusha, upande wa barabara iendayo Ngaramtoni. Kila alfajiri vijana hupita mbele ya nyumba yangu wakikimbia, wengine wakiwa na viatu vizuri, wengine na viatu vilivyokwisha soli. Nimewatazama kwa miaka mingi, na nina daftari ambamo huandika matokeo ya mbio ndefu ninayoyasikia redioni na kuyasoma magazetini. Si kazi niliyotumwa na mtu. Ni mazoea ya mtu aliyezoea kuandika alama za wanafunzi, na ambaye hakupenda kuacha siku alipokabidhi chaki.

Kutokana na daftari hilo nimefikia wazo moja, nalo ndilo nitakalo kulieleza hapa: kwamba kumpigia hesabu ya haki mtu asiyepewa nafasi ni namna ya kumheshimu, na kwamba hesabu hiyo haina budi ifanywe kwa mambo yanayohusika, si kwa yale yaliyo mepesi kuonekana. Mfano wangu ni Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Na mbio ninazozikusudia ni marathoni ya wanaume ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, iliyokimbiwa Tokyo, Japani, tarehe 15 Septemba 2025.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo palikuwa na mabishano kwenye kijiwe chetu cha kahawa. Fundi viatu, ambaye ni hodari wa kutia chumvi, alisema kwamba watu wetu wanakwenda Tokyo kusindikiza. Neno hilo, msindikizaji, msomaji wangu unalijua vizuri. Tumelitumia kwa wanamichezo wetu kwa muda mrefu hata halituumi tena. Mzee mmoja, mwanajeshi wa zamani, alikasirika akasema, "Wewe humjui askari. Askari akitumwa anakwenda kuchukua." Kisha wote wawili wakanigeukia. "Mwalimu, wewe wasemaje?"

Nilisema kwamba nafasi yake ya kupata medali yoyote naiweka moja kati ya tano, na nafasi ya dhahabu moja kati ya kumi na tano. Fundi viatu alicheka akaona nimekuwa mkarimu kupita kiasi. Mzee alinitazama kwa jicho la kuonyesha kwamba nimeisaliti nchi. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtu akisema kiasi, huwaudhi wote.

Sasa nieleze hesabu hiyo niliipataje, kwani namba bila njia ni porojo.

Watu wengi humpima mkimbiaji wa marathoni kwa muda wake bora. Huchukua orodha ya muda, hutazama jina liko namba ngapi, kisha hufunga mjadala. Kwa kipimo hicho Mtanzania aghalabu huwa mbali, kwa kuwa Kenya na Ethiopia wana watu wengi mno wanaokimbia chini ya saa 2 na dakika 5. Lakini muda bora huo hupatikanaje? Hupatikana katika miji yenye barabara tambarare, katika majira ya baridi ya wastani, na mbele yao wakiwapo wakimbiaji wa kukodiwa ambao kazi yao ni kuweka kasi mpaka kilomita ya 25 au 30, kisha hutoka pembeni. Anayewafuata hukingwa upepo na huondolewa mzigo wa kufikiri. Hivyo ndivyo marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alivyopata msaada wa kasi pale Chicago mwaka 2023, kabla ya kuwaacha wote na kuandika saa 2:00:35.

Mashindano ya dunia hayako hivyo. Hakuna wa kukodiwa. Hufanyika wakati wa joto, na kila mtu anamtazama mwenzake akiogopa kutangulia. Tazama muda wa washindi: London mwaka 2017 mshindi alikimbia saa 2:08:27. Doha mwaka 2019, ambako mbio zilianza karibu na usiku wa manane kwa sababu ya joto, mshindi alikimbia saa 2:10:40. Hizo ni dakika 8 na 10 nyuma ya ile namba ya Chicago. Maana yake ni kwamba yule mwenye saa 2:03 na yule mwenye saa 2:06 wanaingia katika mbio ambazo hazitaki saa 2:03 wala 2:06. Zinataka mtu atakayekuwa bado anaweza kukimbia wakati wengine wameanza kujikokota. Tofauti iliyokuwa kubwa kwenye karatasi hupungua barabarani.

Jambo la pili ni kanuni. Kwa kawaida nchi huruhusiwa kuingiza watu watatu tu. Kenya inaweza kuwa na watu hamsini wenye muda kumshinda wa kwetu, lakini arobaini na saba kati yao siku hiyo wako nyumbani wakitazama televisheni kama mimi na wewe. Anayesoma orodha ya muda ya dunia bila kukumbuka hili ni kama mtu anayeogopa kwenda sokoni kwa sababu mji una wezi elfu, ilhali soko lenyewe lina wezi watatu. Watatu nao ni wa kuogopwa, lakini si elfu.

Kwa hiyo nilichukua orodha ya waliotarajiwa kushiriki, nikaondoa wale ambao kwa maoni yangu wasingeweza kuwapo mbele ikifika kilomita ya 35. Nilibaki na majina kama ishirini na tano. Medali ni tatu. Mtu ambaye humjui chochote kati ya hao ishirini na tano ana nafasi kama moja kati ya nane. Huo ndio msingi. Baada ya hapo unauliza: je, huyu ni zaidi ya mtu wa kawaida katika kundi hilo, au ni pungufu?

Hapo daftari likawa na la kusema. Kwa mbio za mashindano mimi siandiki muda kwanza, naandika nafasi aliyoshika mtu. Simbu alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Alikuwa wa tatu katika Mashindano ya Dunia ya London mwaka 2017, akachukua shaba kwa saa 2:09:51, sekunde 2 tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia. Alikuwa wa saba katika Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021. Alikuwa wa pili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Paris mwaka 2024 alirudi nyuma, akawa wa 17. Na mwezi Aprili 2025 huko Boston, ambako vilima havimpendelei mtu na hakuna wakimbiaji wa kukodiwa, alikuwa wa pili kwa saa 2:05:04. Si orodha yote, lakini inatosha kuonyesha umbo la mtu. Huyu si mtu wa kuvunja rekodi. Ni mtu ambaye mbio zikiwa ngumu na za kuviziana, mara nyingi utamkuta bado yupo.

Kwa sababu hiyo nikaipandisha nafasi yake kutoka moja kati ya nane hadi moja kati ya tano. Sikuipandisha zaidi, kwa sababu alikuwa na miaka 33, na kwa sababu Paris ilikuwa karibu kuliko London. Dhahabu nikaipa moja kati ya kumi na tano, kwani kuwapo mbele na kumpita kila mtu ni mambo mawili. Hayo ndiyo yote. Hapakuwa na uzalendo wala dharau ndani yake.

Utaniuliza: kama mambo haya yako wazi hivyo, kwa nini fundi viatu hakuyaona? Nadhani ni kwa sababu ya historia yetu, ambayo ina kidonda. Tulipata medali mbili za Olimpiki huko Moscow mwaka 1980, zote za fedha: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Baada ya hapo tukangoja. Vijana waliozaliwa mwaka ule wa 1980 wamekuwa watu wa makamo bila ya kuiona medali ya tatu ya Olimpiki. Katika Mashindano ya Dunia tulipata fedha ya Christopher Isegwe katika marathoni ya Helsinki mwaka 2005, kisha tukangoja miaka kumi na miwili mpaka shaba ya Simbu. Mtu akingoja sana hujikinga kwa mzaha. Rais wa awamu ya pili, hayati Ali Hassan Mwinyi, aliwahi kuifananisha timu yetu ya mpira na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa. Tulicheka, na msemo ukabaki. Tangu hapo tumeupachika hata pale usipostahili.

Na tulikuwa na kidonda kingine, cha mtu aliyepewa nafasi kubwa. Juma Ikangaa, naye askari, alikuwa mtu wa kutangulia. Mwaka 1982 huko Brisbane aliongoza marathoni ya Jumuiya ya Madola mpaka Robert de Castella wa Australia alipompata mwishoni, na wote wawili wakamaliza chini ya saa 2 na dakika 10. Alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya kwanza alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1. Mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01. Lakini katika Olimpiki alikuwa wa sita mwaka 1984 na wa saba mwaka 1988. Wazee wetu walikesha kwenye redio wakiwa na hakika, na hakika ile haikuzaa medali. Kutangulia si kufika. Nadhani wengi waliokesha siku zile walijifunza somo ambalo silo. Walijifunza kwamba Mtanzania hashindi. Somo lenyewe lilikuwa kwamba mbio za mashindano hazimtazami aliye na muda mzuri, na kama hazimtazami wetu akiwa na muda mzuri, basi haziwatazami wa wenzetu pia.

Jirani zetu wa Uganda walilipata somo hilo kwa upande wa furaha. Mwaka 2012 huko London, macho yote yalikuwa kwa Wakenya Abel Kirui, bingwa wa dunia mara mbili, na Wilson Kipsang. Stephen Kiprotich wa Uganda hakutajwa na wengi. Kabla ya mwisho aliwatoka wote wawili, akashinda kwa saa 2:08:01, Kirui akawa wa pili na Kipsang wa tatu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972. Wakasema amebahatisha. Mwaka uliofuata, Moscow, akachukua na ubingwa wa dunia. Naliandika jina lake kwa wino mwekundu, si kwa kuwa alishinda, bali kwa kuwa alinionyesha kwamba jicho la watu linaweza kukosa mtu mzima aliyesimama mbele yake.

Siku chache kabla ya Tokyo, mpwa wangu alinijia. Baada ya kuniamkia, alisema, "Mjomba, nasikia una hesabu za Simbu. Nimwekee hela?" Vijana wa siku hizi wanabeti kila kitu, kuanzia mpira wa Ulaya mpaka mbio za farasi ambao hawajawahi kuwaona. Nilimwambia kwamba hesabu yangu haiwezi kumsaidia, kwa sababu yeye haulizi kama Simbu ana nafasi. Anauliza kama kampuni imekosea bei ya nafasi hiyo. Hayo ni maswali mawili tofauti. "Halafu," nikamwambia, "moja kati ya kumi na tano maana yake mara kumi na nne utalala njaa. Una hela ya kulala njaa mara kumi na nne?" Alicheka akasema hana hata ya mara moja. Nilimpa nauli akaenda zake.

Nimelitaja hilo kwa sababu watu huchanganya kubashiri na kubeti. Anayebeti anataka kujua atapata nini. Anayebashiri kwa haki anataka kumjua mtu anayekwenda kukimbia: amebeba nini, barabara ikoje, wenzake ni akina nani. Wa kwanza mbio zikiisha humsahau mkimbiaji. Wa pili hurudi kwenye daftari na kuuliza amejifunza nini.

Mbio zilianza Tokyo saa moja na nusu asubuhi kwa saa za kule, yaani saa saba na nusu usiku kwetu. Mtu mmoja aliondoka kabla ya mlio, jambo la nadra katika marathoni, ikabidi waanze upya. Palikuwa na joto na unyevu. Kundi kubwa lilikaa pamoja kwa muda mrefu, kama nilivyotarajia, na taratibu majina makubwa yakaanza kupungua. Walipoingia uwanjani walikuwa watatu wa kugombea: Amanal Petros wa Ujerumani, Iliass Aouani wa Italia, na Simbu. Si Mkenya, si Mwethiopia. Petros akachomoka, akashika mbele katika ule mnyoosho wa mwisho. Simbu akamfuata, akamkaribia, na kwenye mstari wakaonekana kama mtu mmoja mwenye vifua viwili. Simbu mwenyewe hakujua. Ilibidi picha ya mstarini itazamwe.

Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Picha ilimpa Simbu ushindi kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Aouani alifika sekunde 5 baadaye. Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza katika historia ya mashindano hayo.

Kulipokucha kijiwe kilijaa. Fundi viatu alisema alijua tangu zamani, na mzee alimwacha aseme, maana furaha ilikuwa kubwa kuliko ugomvi. Mtu mmoja akaniambia, "Mwalimu, na wewe ulimpa kidogo mno!" Nilijibu kwamba katika moja kati ya kumi na tano, ile moja nayo imo. Haikuwekwa pale kwa mapambo.

Lakini kuna jambo lililonikalia moyoni siku ile hata sasa halijatoka. Mtu anayekimbia mita sita au saba kwa sekunde, katika sehemu 3 za mia za sekunde huenda kama shubiri moja. Yaani baada ya kilomita 42 na mita 195, baada ya zaidi ya sekunde elfu saba na mia saba, kilichotenganisha dhahabu na fedha kilikuwa urefu unaoweza kuupima mezani kwa kidole gumba na kidole cha mwisho. Kama Petros angejitupa mbele shubiri moja zaidi, Simbu angekuwa yuleyule: mapafu yaleyale, miaka ileile ya mazoezi, ujasiri uleule wa mita mia za mwisho. Lakini sisi tungekuwa watu wengine. Tungesema, "Unaona? Kawaida yetu, tunakosa mwishoni." Fundi viatu angetoa lile neno lake. Tungemsoma mtu mzima kwa shubiri moja.

Na tusimsahau yule wa upande wa pili wa shubiri. Petros alizaliwa Eritrea, akaingia Ujerumani akiwa kijana mkimbizi. Naye hakuwa mtu ambaye orodha za muda zilimpa nafasi ya mbele. Yumkini naye ana mzee fulani mahali fulani aliyemwandika kwenye daftari, na asubuhi ile mzee huyo aliwaza kama nilivyowaza mimi, ila kwa upande wa huzuni.

Ndugu msomaji, waweza kuniambia kwamba haya yote ni mazungumzo ya kahawa, na kwamba mkimbiaji hakimbii kwa hesabu za mwalimu wa Arusha. Ni kweli. Lakini utabiri wetu una kazi kubwa kuliko tunavyodhani, kwani ndio unaogawa mali. Asiyetarajiwa hapelekwi kambini mapema. Asiyetarajiwa hapewi mtu wa kumkanda misuli. Husafiri siku ya mwisho, hufika akiwa na usingizi wa safari, hukimbia vibaya, kisha hutuambia tulivyotarajia kuambiwa. Tulibashiri kwamba hatashinda, tukamnyima cha kumsaidia kushinda, akashindwa, tukajisifu kwa kubashiri vizuri. Huo si utabiri. Ni kumfunga mtu miguu kisha kusema hajui kukimbia. Na yule anayeahidi medali kwa kelele naye ana madhara yake, maana akirudi mtu na nafasi ya tano, ambayo ni kazi kubwa mno katika dunia ya watu mabilioni, hupokewa kimya kama aliyeiba.

Swali hili lilinijia nyumbani kwangu miezi michache baada ya Tokyo. Mdogo wangu alinipigia simu akasema, "Kaka, nakuja na binti yako, tunataka shauri." Binti huyo ni mwanawe, naye huniita baba mkubwa. Ana miaka kumi na saba, alikuwa anamaliza kidato cha nne, na anakimbia mita 5,000. Alitaka baada ya mtihani aende kwenye kambi ya mazoezi. Mama yake alitaka aende chuo cha ualimu. Baba yake alikuwa katikati, na kama wanaume wengi walio katikati, alitafuta mtu wa kumbebesha uamuzi. "Wewe unazo hesabu," aliniambia. "Tuambie, huyu ana nafasi gani?"

Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti, akitazama sakafu. Nilijua kwamba neno nitakalosema atalibeba kwa muda mrefu. Ningeweza kumpa maneno ya mzee wa kijiweni: Simbu ameweza, nawe utaweza. Ningeweza pia kumpa ya fundi viatu, na mama yake angenishukuru.

Nilimwuliza maswali. Umekuwa wa ngapi katika mbio zako za mwisho? Akasema wa nne mkoani, wa pili wilayani, na kabla ya hapo wa tatu. Mzunguko wa mwisho huwa unapitwa au unapita? Akafikiri, akasema, "Napita, baba mkubwa. Ila huwa nimechelewa kuanza kupita." Umewahi kuacha mbio katikati? Hajawahi. Unaumwa wapi? Hana maumivu. Kisha nikaenda naye barabarani asubuhi iliyofuata nikiwa na saa yangu, nikaandika nilichokiona.

Baadaye niliwaambia wote watatu, mama akiwa kwenye simu, maneno ambayo nilitaka yawe ya kiasi. Nilisema kwamba mkiniuliza nafasi ya medali ya dunia, ni ndogo hata siwezi kuiandika, na ndivyo ilivyo kwa kila mtoto wa miaka kumi na saba duniani, pamoja na yule ambaye siku moja ataichukua. Kwa hiyo tusimpime kwa hilo. Mkiniuliza kama ana nafasi ya kuwa mkimbiaji wa kweli, anayeweza kuitwa timu ya taifa au kupata kazi katika jeshi kwa miguu yake, hiyo ni ndogo lakini inaandikika. Na mkiniuliza kama kumpa muda kutamharibia maisha, jibu ni hapana, maana chuo cha ualimu hakitahama. Nikashauri apewe miaka miwili kamili, viatu viwili vipya kila mwaka, na chakula cha kutosha, na kwamba katika miaka hiyo asiambiwe na mtu yeyote wa nyumbani kwamba atashinda wala kwamba hatashinda.

Mama yake alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Miaka miwili, shemeji. Nitahesabu." Nikamwambia ni haki yake.

Sijui safari yake itafika wapi. Kila nikimwona anapita na wenzake alfajiri, najikumbusha kwamba yapo maswali mawili juu ya kila mtu anayeanza mbio ndefu akiwa hana jina. La kwanza ni kama atashinda, nalo barabara italijibu. La pili ni kama sisi tulio pembeni tumempima kwa mizani iliyo sawa na kumpa kile ambacho kipimo hicho kinastahili. Hilo hatuwezi kuisukumia barabara. Ni letu, na twapaswa kulijibu mapema, wakati viatu bado vinaweza kununuliwa.